Tangazo Katikati ya Kilio

Kwa miaka sita nilisoma vifo. Ndiyo kazi niliyopewa kwenye redio ndogo ya mji wa Baraka, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika: mchana, baada ya nyimbo za kwaya, nilikuwa nasoma matangazo ya misiba. Familia ya mtaa fulani inawajulisha ndugu walioko Fizi, Kazimia, Nundu na Makobola kwamba mama yao amefariki, maziko ni kesho. Karatasi zililetwa na watu ambao bado walikuwa na vumbi la safari miguuni. Nilijifunza kusoma polepole, bila kulia na bila kuharakisha, na watu wakanizoea hivyo. Siku moja sokoni mwanamke alinisikia nikiuliza bei ya muhogo, akageuka akasema, "Kumbe ni wewe, yule wa kufa." Hakuwa ananitukana.

Ni sauti hiyo iliyomfanya mtu wa Amerika anitafute. Alikuwa mwana wa Fizi, wa upande wa milimani, aliyekimbilia Tanzania akiwa mtoto, akakulia kambini, kisha akapelekwa Amerika pamoja na wengi wa kwetu. Huko alikuwa anakata nyama kiwandani, na pembeni alikuwa ameanzisha podikasti, kipindi ambacho mtu anakisikiliza kwenye simu wakati anaotaka, akiwa kwenye basi au akikunja nguo. Wasikilizaji wake walikuwa watu wetu waliotawanyika nchi za baridi, wenye hamu ya kusikia kwao. Akaniambia, "Dada, mi niko na watu, tena niko na maduka yanayotaka kutangaza. Sina sauti ya nyumbani. Wewe unayo."

Nilikubali siku hiyohiyo. Nilikodi chumba nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, nikasimamisha magodoro mawili ukutani, nikaning'iniza vikwembe, yaani vitenge, vizito mlangoni ili sauti isigonge bati na kurudi. Maikrofoni ililetwa na msafiri kupitia Kigoma, imefungwa ndani ya soksi.

Biashara yenyewe alinifundisha kwa ujumbe wa sauti, akiwa ndani ya gari lake. Zamani, alisema, tangazo liliwekwa mwanzoni mwa kipindi, na watu wakazoea kuliruka. Siku hizi wenye maduka wanataka mambo mawili. Wanataka lisomwe na mtangazaji mwenyewe, kwa sauti ileile anayosimulia nayo, ili msikilizaji asishtuke mpaka awe amekwisha kulisikia. Na wanataka likae katikati, mahali ambapo hakuna mtu anayethubutu kuruka.

"Mashine inatuonyesha," alisema. "Kila kipindi kina mstari wake. Mstari ukishuka, watu wanaondoka. Ukibaki juu, wamebaki."

Vipindi vyangu vya kwanza vilihusu akina mama wanaotwanga sombe ya majani ya muhogo, fundi wa mitumbwi, kwaya ya Fizi inayofanya mazoezi kwenye jengo lisilo na paa. Nilivipenda. Akanitumia picha za mistari yake. Yote ilikuwa inateremka kama barabara ya kutoka Fizi kuja Baraka.

"Dada, ni vizuri," alisema. "Lakini watu hawalii. Mtu anayelia haruki."

Sitasema alinilazimisha. Aliniuliza tu kama namjua mtu mwenye kisa, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshamfikiria mama mmoja.

Mama huyo alikuwa anauza ndakala wakavu, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Baraka. Nilimjua kwa sababu mimi ndiye niliyesoma tangazo lake. Miaka michache nyuma mume wake na mabinti wao wawili walipanda boti la injini kwenda arusi Ubwari. Upepo ulilipindua boti. Mume alionekana siku ya nne. Mabinti ziwa halikuwarudisha. Mama mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi redioni, akasimama mbele yangu nikiisoma hewani, akanishukuru, akaenda. Tangu hapo tukawa tunasalimiana.

Nilipomwomba aje asimulie, aliuliza jambo moja tu.

"Ni nani atasikia?"

"Batu betu ba Amerika, mama. Bale benye balikimbia."

"Hapa haitasikilika?"

"Hapa batu habana mega za simu za kusikiliza vintu virefu."

Niliamini hivyo, au nilitaka kuamini. Leo siwezi tena kutofautisha.

Alikuja saa tatu asubuhi. Alikuwa amevaa kikwembe cha kanisani na amesuka nywele upya, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akasimulia kwa utulivu, utulivu mwingi kuliko nilivyotaka. Alieleza arusi ilikuwa ya nani, nani alisema boti limejaa, nani alisema halijajaa. Kisha, bila mimi kumuuliza, akasema:

"Ndakala nauzaka, ni kazi yangu. Lakini mi sikuli tena. Hakuna samaki ya hii ziwa yenye inaingia mu kinywa yangu, juu sijui ilikula nini."

Macho yake yalijaa. Na hapohapo pikipiki ikapita nje, honi yake ikayafunika maneno ya mwisho. Mimi nilikuwa na kaske, vile visikizio, masikioni, na nilichosikia hasa ni ile honi. Nikainua mkono.

"Mama, pole. Pikipiki imeharibu. Turudilie."

"Turudilie nini?"

"Ile ya samaki."

Alipangusa macho kwa ncha ya kikwembe, akarudia. Maneno yalikuwa yaleyale, lakini yalikuwa makavu, kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mwingine. Nikamwomba tena. Yakawa makavu zaidi. Basi nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilishusha sauti mpaka ikawa ile ya mchana, ya misiba, nikamuuliza:

"Mama, ile asubuhi, ni wewe ulibasuka nywele?"

Nilijua jibu. Hakuna mama wa kwetu anayepeleka mabinti arusini bila kuwasuka. Aliniangalia, midomo ikafunguka, na kilichotoka hakikuwa neno. Alilia akiwa bado amekaa wima, mikono bado juu ya magoti, na katikati ya kilio akalisema tena lile la samaki, lote, kwa sauti iliyopasuka.

Vijiti vya kijani vya kupimia sauti kwenye skrini vilipanda mpaka vikaingia kwenye nyekundu. Nikapunguza sauti kwa kidole, upesi, ili isiharibike. Hiyo ndiyo kazi mikono yangu iliyofanya wakati yeye analia. Sikumshika. Alipomaliza nilimpa maji, nikamwambia, "Aksanti mama, imetoka vizuri."

Mtu wa Amerika alisikiliza, kisha akatuma maneno mawili. "Ndiyo hii."

Kesho yake akanitumia tangazo la kusoma. Lilikuwa la duka moja huko kwao linalouza vyakula vya nyumbani. Nalikumbuka kwa moyo: "Unakumbuka ladha ya nyumbani? Samaki wa Tanganyika, aliyekaushwa na jua la kwetu, sasa yuko karibu na mlango wako." Nililisoma mara tatu ili litoke laini. Hakuniambia litawekwa wapi, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nashuku. Mtu anayeshuku na asiulize anajua anachofanya.

Kipindi kilipotoka nilikuwa Fizi kwa mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Tulikuwa tumemaliza kula mikebuka, samaki wa ziwa letu, na ugali. Alitaka kusikia kazi yangu, nikaweka simu katikati ya sahani. Yule mama wa Baraka alisimulia. Alifika kwenye samaki. Akalia, akaachwa alie pumzi tatu au nne. Kisha nikaingia mimi, polepole, kwa upole mwingi: "Unakumbuka ladha ya nyumbani?"

Mama yangu aligeuza simu kifudifudi. Sauti haikukoma, ilizidi tu kusemea ndani ya kitambaa cha meza, ikataja duka, ikataja samaki wa kukaushwa na wa barafu.

"Huyu ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Na ule mama alijua?"

"Hapana."

Aliondoa sahani zote, hata yangu ambayo ilikuwa bado na chakula. Samaki aliyebaki kwenye sufuria hakumpasha tena moto. Mpaka naondoka tuliongea habari za mvua na paa la jiko.

Huko Amerika mambo yalikuwa mazuri. Yule mtu wa podikasti alinitumia mstari wa kipindi kile, umelala sawa kama ziwa lisilo na upepo, kuanzia kilio mpaka mwisho wa tangazo.

"Unaona? Hapo hakuna hata mmoja aliyeruka," alisema, na nilimsikia anacheka. "Walibaki kwa sababu walifikiri mama ataongea tena."

Haikuchukua muda wenye biashara wengine wakaanza kupaomba mahali hapo. Walikuwa na jina lake: mahali pa kilio. Hawakuuliza tena kipindi kinahusu nini. Waliuliza kama kina mahali pa kilio, na katika dakika ya ngapi. Nikafanya vipindi vinne vingine, kimoja cha mjane wa Makobola, kimoja cha baba aliyefiwa na mke akabaki na watoto wachanga. Nikapata ustadi. Nilijua kwamba ukimuuliza mtu jinsi alivyoumia, atakujibu kama anajibu ofisini. Muulize nguo. Muulize nani alifunga vifungo. Na vyote vikishindwa, muulize chakula cha mwisho walichokula pamoja, alikipika nani, kilibaki au kiliisha. Hapo hakuna aliyewahi kunishinda.

Ila nilikosea kuhusu mega. Hakuna aliyehitaji kusikiliza kitu kirefu. Watu wetu wa Amerika walikikata kile kipande cha samaki pamoja na tangazo langu, nusu dakika tu, wakawatumia ndugu zao wa Baraka. Kikaenda simu kwa simu. Vijana wa pikipiki wakakifanya mchezo. Wakipita mbele ya meza ya yule mama walipunguza mwendo na kusema, wakiiga sauti yangu, polepole, kwa heshima yote: "Unakumbuka ladha ya nyumbani?" Kisha wakavuta moto wa pikipiki na kwenda.

Hilo angeweza kulivumilia. Kubwa zaidi ni kwamba wanunuzi walianza kumpita. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyetangaza lolote. Walikuwa wakiona tu mabeseni yake, wanakumbuka samaki wanaweza kuwa wamekula nini, wanasogea hatua tatu, wananunua kwa jirani. Ndakala wa jirani walitoka kwenye wavu uleule, asubuhi ileile, wamekauka kwenye mchanga uleule. Tofauti ni kwamba jirani hakuwa amesema kitu.

Niliposikia hayo nilikwenda kuona. Nilisimama nyuma ya meza ya muuza chumvi, mahali ambapo hangeniona. Mama mmoja mnene alichota ndakala mkononi, akanusa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni wazuri, akainua macho ili aulize bei, akamtambua. Akawarudisha kwenye beseni, wote, akapangusa vidole kwenye kikwembe chake. "Nitapita tena, mama," alisema. Yule mama akamjibu, "Hakuna neno," na kwa kiganja akasawazisha mahali ndakala walipochotwa. Niliondoka bila kumsalimia.

Siku chache baadaye alikuja mwenyewe. Fundi cherehani alimwonyesha mlango. Alibaki amesimama, kiti nilichomsogezea alikitazama tu.

"Toa ile kintu," alisema.

"Mama, si mi natoaka. Iko kule."

"Iko na sauti yangu na sauti yako. Ya kule ni nini?"

Nilimpigia mtu wa Amerika, nikafungua sauti ili mama asikie. Alipoambiwa ni nani, alibadilika, akasema kwa adabu aliyofundishwa kambini Tanzania:

"Shikamoo mama yetu. Pole sana. Kisa chako kimewagusa watu wengi hapa."

"Niko naomba utoe ile kintu."

"Mama, natamani. Lakini tangazo limeshonwa humo, na mkataba wa duka ni wa mwaka mzima. Nikitoa kipindi, nimevunja mkataba."

"Duka ya nini?"

"Ya samaki, mama."

Yule mama aliiangalia simu mkononi mwangu kama anamwangalia mtu usoni.

"Na kule, banakula?"

"Wanakula sana, mama," alisema, na sauti yake ilijaa furaha ya kweli, nadhani alifikiri amepata neno la kumfariji. "Wanamaliza kabla mzigo mwingine haujafika."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolijia. Aliinua vikwembe vya mlangoni, akatoka. Mtu wa Amerika aliendelea kuita, "Mama? Mama, uko hapo?" nikamkatia.

Ningependa kuandika kwamba siku hiyo niliacha kazi. Sikuacha. Nilirekodi vipindi vingine, nikasoma matangazo mengine, mikate, tiketi za ndege, mafuta ya nywele. Nilijiambia kwamba ubaya umeshapita na kwamba kipindi kimoja hakiwezi kufanya zaidi ya kilichokwisha kufanya.

Kisha nikaugua malaria, nikalala juma zima bila sauti. Nilimwandikia mtu wa Amerika kwamba sitaweza kusoma. Akanijibu nisihangaike, nipone kwanza. Nilishukuru huruma yake. Nilipopata nguvu ya kukaa nilifungua simu na kumsikia mtu akisoma tangazo jipya. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ilikuwa sauti yangu, na ile pumzi ndogo ninayovuta kabla ya neno zito, pumzi niliyojifunzia kwenye vifo vya watu. Lilikuwa tangazo la bima ya mazishi kwa walioko ng'ambo. "Siku yako ikifika, nani atakurudisha nyumbani? Usiwaachie wapendwa wako bila mwili wa kuzika." Sikuwahi kulisoma maishani mwangu. Na lilikuwa limewekwa mahali palepale, baada ya kilio cha mama ambaye mabinti wake hawakurudishwa, kwa sababu mwaka wa duka la samaki ulikuwa umeisha na mahali palikuwa wazi.

Nilimpigia. Hakukana.

"Mashine imejifunza kutoka rekodi zako," alisema. "Siku hizi wote wanafanya hivyo, dada. Mteja anabadilisha tangazo kila siku, mji huu anasema hivi, mji ule vile. Hawezi kungoja mtu apone malaria Baraka."

"Ungeniuliza."

"Kusema kweli, ungesikia hivihivi, hungejua si wewe."

"Nilijua."

"Wengine hawatajua," alisema, na alikuwa sahihi.

Baada ya hapo hakunihitaji tena. Visa anakusanyiwa na watu wenye simu kila mahali, na mimi nasoma matangazo yake mpaka leo bila kuwapo.

Yule mama alikuwa amehamia Lusenda. Niliambiwa anauza unga wa muhogo na mawese karibu na kambi ya wakimbizi, kwa Warundi wasiomjua. Nikapanda pikipiki kwenda kumtafuta. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na habari moja ambayo niliiona kama zawadi: kwamba tangazo la pili, lile la miili, halikuwa langu. Nilitaka alijue hilo. Nilidhani litampunguzia.

Alikuwa amekaa nyuma ya gunia, kopo la kupimia mkononi. Amekonda. Alinitambua kabla sijafika.

"Mama, ile ya pili si mimi," nilisema, hata sikumaliza salamu. "Ni mashine. Baliiba sauti yangu."

Alijaza kopo, akalikung'uta, akalipunguza kwa kidole.

"Na ile ya kwanza?"

"Ya kwanza ni mimi."

"Bon, sawa."

Alimwaga unga ule kwenye gunia tena, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwomba. Kisha akazungumza bila hasira, kama anavyoeleza mtu njia ya kupita.

"Mi nilikuwa nabalilia kila asubuhi. Nikiwasha moto, mbele batu ba nyumba baamuke. Kidogo tu. Halafu napangusa macho, naenda kazi. Sasa kilio ikianza kuja, ni wewe unasema kwanza. Unauliza kama nakumbuka ladha. Inakatika, hairudie tena." Aliinua mabega. "Ni miezi sasa sijabalilia hata siku moja."

Nilifungua kinywa. Mwanamke wa Kirundi akafika na mtoto mgongoni, akauliza unga ni wa siku gani, na yule mama akamgeukia na tabasamu zuri la kuuzia, akamwambia ni wa jana, aguse mwenyewe. Alimpimia makopo mawili, akaongeza kidogo juu. Mwanamke alipokuwa anafunga mfuko wake, mama aliniambia chini chini, bila kuniangalia:

"Usiseme tena hapa. Benye kununua batakujua sauti."

Nilikwenda mpaka barabarani. Kwa mwenye pikipiki nilionyesha upande wa Baraka kwa mkono, na bei tulipatana kwa vidole.